Nani hasa aliyeua mtetemo wa injini kwenye magari ya mwanzo? Mimi nasema ni mpira

#1 ChumaChakavu
Wakuu salaam. Magari ya mwanzo injini ilifungwa chuma kwa chuma kwenye chesi, hakuna mpira katikati. Ukishuka safari ya saa moja mikono bado inatetemeka. Msimamo wangu ni huu: aliyemaliza hilo tatizo ni Chrysler mwaka 1931, alipoikalisha injini ya gari lake la Plymouth juu ya mpira. Waliomtangulia walikuwa wanateseka tu na kutesa abiria. Mwenye hoja nyingine aje, ila aje na vitu vinavyoeleweka.

#2 Mpiga_Spana
Nimekaa paleee. Uzi huu FundiMstaafu hawezi kuupita.

#3 FundiMstaafu
Nimekuja. ChumaChakavu, hadithi umeianzia mwishoni. Rudi 1886, Karl Benz na gari lake la magurudumu matatu. Silinda moja, 954 cc, nguvu haifiki hata farasi mmoja, mizunguko kama 400 kwa dakika. Injini ya aina hiyo inalipua mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo milipuko 200 kwa dakika. Unaihesabu kwa sikio.

Hapo kuna maradhi mawili, na watu huyachanganya. La kwanza, pistoni inakwenda na kurudi, kila ikigeuza inavuta injini nzima. La pili, nguvu inakuja kwa vipindi: mlipuko, kimya, mlipuko. Flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, inatibu la pili. La kwanza hailigusi kabisa. Benz aliweka flaiwili kubwa na akailaza chali, maana aliogopa ikisimama wima itasumbua usukani kwenye kona. Kwa hiyo watu walianza kuhangaika na mambo haya miaka 45 kabla ya mpira wako.

#4 Nyamizi_wa_Tabora
Shikamoo mzee. Swali la mtu asiye fundi: kwa nini wasiweke tu uzito upande wa pili wa krenkshafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ukavuta kinyume na pistoni?

#5 FundiMstaafu
Marahaba mwanangu. Waliweka. Shida ni kwamba pistoni inakwenda juu na chini tu, lakini ule uzito unazunguka. Ukiweka uzito wa kutosha kuizima pistoni yote, mtetemo wa juu-chini unapotea, halafu unaupata uleule ukienda kushoto na kulia. Ndiyo maana mafundi wengi huweka kama nusu. Unakuwa umeugawa mtetemo, hujauondoa.

#6 Mswahili_wa_Likoni
Nyote mnazunguka mbuyu. Dawa ni kulaza silinda mbili zitazamane, pistoni zote zitoke pamoja na zirudi pamoja, moja inamvuta mwenzake. Benz huyohuyo alifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1890, injini aliyoiita kontra. Subaru wanakula matunda yake mpaka leo. Sisi wa Kenya tunajua utamu wa boksa, ndiyo hiyo injini ya silinda zinazotazamana, nyinyi endeleeni na mizunguko 400 😂

#7 Bila_Breki
Wakenya na Subaru! Tumejua. Injini imetulia lakini egzosi inaamsha mtaa mzima.

#8 Mhandisi_Mkimya
Likoni yuko sahihi kwa sehemu. Pistoni mbili zinazotazamana hazikai kwenye mstari mmoja, kila konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenkshafti, ina nafasi yake. Kwa hiyo zinasukumana zikiwa zimepishana kidogo, na injini inapata hamu ya kujipinda kushoto na kulia. Ni kidogo, ila ipo.

Mtu aliyelifikiria hili mpaka mwisho ni Frederick Lanchester wa Birmingham. Injini yake ya silinda mbili, iliyoingia kwenye magari aliyoanza kuuza 1900 na 1901, ilikuwa na krenkshafti MBILI, moja juu ya nyingine, zinazunguka kinyume, kila moja na flaiwili yake. Pistoni mbili, konrodi sita. Hii krenkshafti ikitaka kupinda injini upande huu, ile inaikatalia. Hata lile teke la mlipuko, linalotaka kuizungusha injini nzima, flaiwili mbili za kinyume zinalimaliza humohumo ndani. Mpira wa nini hapo?

#9 ChumaChakavu
Konrodi sita kwa pistoni mbili! Na bei je? Aliuza ngapi? Ukiniletea dawa ambayo ni tajiri tu anaimudu, bado ugonjwa upo mtaani.

#10 Mhandisi_Mkimya
Hiyo ni hoja ya biashara. Uzi unauliza nani aliua mtetemo.

#11 Bila_Breki
Wakuu tusisahau Rolls-Royce. Hao ndio waliovumbua silinda sita na mtetemo ukaisha. Wanasimulia ile Silver Ghost unasimamisha sarafu wima juu ya rejeta, injini inawaka, haianguki.

#12 MzeeWaMikanda
Bila_Breki umetupiga. Spyker wa Uholanzi walikuwa na silinda sita 1903, Napier wa London wakaanza kuziuza 1904. Royce alikuja nyuma yao na ile 30 farasi, na tena ILIMSUMBUA, inavunja krenkshafti. Ile 40/50 mnayoiita Silver Ghost, 7,036 cc, ilionyeshwa kwenye maonyesho ya Olympia, London, mwishoni mwa 1906, na ni baada ya Royce kuumizwa na ile ya kwanza.

#13 Bila_Breki
Sawa mkuu, nimekupata. Na sarafu?

#14 Mpiga_Spana
Sarafu tunasubiri picha. Bila picha ni chai.

#15 Nyamizi_wa_Tabora
Mzee wa Mikanda, ngoja kwanza. Silinda sita si ndiyo tunaambiwa imetulia kuliko zote? Sasa kwa nini ivunje krenkshafti?

#16 MzeeWaMikanda
Hapo ndipo patamu, dada. Silinda sita kwenye mstari, ukihesabu pistoni zinazopanda na zinazoshuka, zinazimana zote. Ila ili uzipange sita unahitaji krenkshafti ndefu. Chuma kirefu chembamba ukikipiga teke upande mmoja, upande wa pili unachelewa. Kinajisokota kidogo, kinarudi, kinapitiliza, kinarudi tena. Kila mlipuko ni teke. Ukifika mwendo ambao mateke yanaangukia palepale chuma kinapotaka kurudi, msokoto unakua mpaka gia za taiming zinapiga kelele, na mwisho krenkshafti inakatika. Abiria anaweza asihisi kitu, kakaa kwenye kiti chake anafurahia, kumbe chini chuma kinakufa.

Napier nao walikuwa na mngurumo huo, na husimuliwa kwamba mtu wao wa mauzo, S. F. Edge, akaupa jina zuri eti ni mngurumo wa nguvu. Mteja akilalamika anaambiwa hiyo ni nguvu, bosi.

Royce alifanya nini? Ile 30 ilikuwa na silinda mbilimbili, bloku tatu, krenkshafti ndefu. Kwenye 40/50 akaleta bloku mbili za silinda tatutatu, krenkshafti nene, beringi kubwa saba. Halafu kukaja kifaa mbele ya krenkshafti, kiflaiwili kidogo kisichofungwa kabisa, kinaachiwa kiteleze kwa msuguano. Krenkshafti ikijisokota haraka, kiflaiwili kinabaki nyuma, msuguano unakula ile nguvu ya msokoto.

#17 Mhandisi_Mkimya
Na hicho kiflaiwili wa kukipatia hataza ni Lanchester, alitumia sahani nyingi ndani ya mafuta, akapeleka kampuni ya Daimler alikokuwa mshauri. Kwa hiyo tena Lanchester.

#18 MzeeWaMikanda
Watu wa Royce wanasema Royce alikuwa nacho tayari. Wawili hao walibishana wenyewe wakiwa hai. Wewe usitumalizie kesi kwa sentensi moja.

#19 Mswahili_wa_Likoni
😂😂 Kesi imefufuliwa baada ya miaka mia na ushee.

#20 Kitukuu_cha_Msagaji
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nawapa ya kijijini. Babu alikuwa na mashine ya kusaga, injini ya dizeli ya silinda moja, flaiwili mbili kubwa pembeni, unaiwasha kwa hendeli mpaka jasho. Ilikuwa juu ya bondi la zege na imetulia. Alipoihamishia banda jipya, zege halikuwepo, akaifunga kwenye magogo. Nati zikawa zinalegea kila mara, na bomba la maji likapasuka kwenye maungio. Akakata vipande vya tairi la lori akaviweka kati ya injini na magogo. Nati zikatulia. Banda likaacha kugonga. Kwa hiyo mimi nampa kura ChumaChakavu.

#21 ChumaChakavu
Mungu amweke babu mahali pema. Alikuwa mhandisi kuliko wote humu.

#22 FundiMstaafu
Babu yako alifanya vema, lakini angalia alichofanya. Injini iliacha kutetemeka? Hapana. Banda ndilo liliacha. Mpira haukuua mtetemo, uliuzuia mlangoni. Pale juu injini pengine ilikuwa inaruka zaidi kuliko mwanzo, maana imepata nafasi.

Na hata Chrysler hakuchukua mpira akauchomeka tu chini. Wengine walishawahi kujaribu hivyo. Siri ya ile 1931 ilikuwa MAHALI pa kuuweka. Mbele mpira umekaa juu, karibu na pampu ya maji, nyuma umekaa chini. Ukichora mstari kati ya hizo sehemu mbili unapita kwenye kitovu cha uzito wa injini. Injini ikachezea kwenye mstari wake yenyewe, ule iliyokuwa inautaka tangu zamani. Pembeni wakaweka bamba la springi kuizuia isipitilize. Kwa hiyo ni hesabu, mpira ni mtumishi wa hesabu.

#23 ChumaChakavu
Mtumishi ndiye aliyefanya kazi.

#24 Jirani_wa_Bujumbura
Na huo mfumo ulivuka bahari. Citroën walinunua leseni kwa Chrysler, 1932 wakawa wanauza gari zenye "injini inayoelea", wakaweka na picha ya bata maji kwenye nembo. Watu wengi wa upande wetu tuliosoma Kifaransa tunadhani ni uvumbuzi wa Citroën. Sio.

#25 Nyamizi_wa_Tabora
Kitu sielewi bado. Silinda nne. Mbili zinapanda, mbili zinashuka, zinazimana. Sasa Plymouth ya silinda nne ilikuwa na shida gani mpaka ielee?

#26 Mhandisi_Mkimya
Swali zuri kuliko yote humu. Chukua kalamu.

Tuseme pistoni inasafiri milimita 100 kutoka juu mpaka chini, na konrodi ina urefu wa milimita 200. Zungusha krenkshafti robo mzunguko kutoka juu. Utadhani pistoni imeshuka nusu, milimita 50. Hapana. Imeshuka kama 56, kwa sababu konrodi imeinama, na ikiinama inafupika kwenda juu. Sasa mwenzake aliyeanzia chini naye amezunguka robo. Yeye yuko palepale, 56 kutoka juu. Kwa hiyo amepanda 44 tu. Mmoja kashuka 56, mwingine kapanda 44. Hazikuzimana! Zote nne kwa pamoja zimeshuka milimita 6 chini ya wastani. Robo nyingine ikifika zimerudi. Robo nyingine, zimeshuka tena. Mara mbili kwa kila mzunguko mmoja, injini inapigwa juu na chini.

Huo ndio mtetemo wa pili wa silinda nne. Huwezi kuuzima kwa uzito wa krenkshafti kwa sababu unakwenda mwendo mara mbili ya krenkshafti. Na dawa yake? Shafti mbili zenye uzito upande mmoja, zinazunguka kinyume, mwendo mara mbili ya injini. Nani alizileta? Msinikasirikie. Lanchester. Vauxhall 23/60 ya 1922 ilikuwa nazo.

#27 Mpiga_Spana
Huyu Lanchester anakulipa shilingi ngapi?

#28 Dereva_wa_Mchanga
Kumbe ndizo zile balansi shafti! Nilikuwa na gari ya dizeli, aina siitaji. Ina mkanda wa taiming na kimkanda kingine kidogo cha balansi. Fundi akaniambia kile kimkanda kikikatika kinaingia kwenye mkanda mkubwa, valvu zinapinda, injini imekufa. Akakitoa, akasema haina kazi. Injini ilinguruma vizuri tu. Ila nikifika mwendo wa kama 80 usukani unawasha viganja, na kioo cha pembeni sioni nyuma, picha yote ukungu. Nilizoea.

#29 FundiMstaafu
Mafundi wengi wanakitoa, na injini haiharibiki kwa hilo. Anayelipa ni dereva na nati. Wajapani ndio waliozifufua hizo shafti, Mitsubishi 1975, na hata Porsche walipotengeneza 944 ya silinda nne kubwa walilipa leseni kwao.

#30 Kipanga_Mweusi
Nyote mnaacha kitu cha wazi. Mwendo! Nguvu ya pistoni kutikisa inapanda kwa mraba. Ukizidisha mizunguko mara mbili, mtikiso mara nne. Ford Model T ya 1908 ilitoa farasi wake 20 kwenye mizunguko 1,600 hivi. Huo mtetemo wa milimita 6 wa Mhandisi kwenye mizunguko hiyo ni mdogo. Magari ya mwanzo yalijilinda kwa uvivu wao. Shida ilikua pale watu walipotaka kasi, miaka ya 1920 kwenda mbele. Ndiyo maana dawa za maana zikaja baadaye. Hakukuwa na shujaa, kulikuwa na mizunguko.

Model T yenyewe injini ilishikwa sehemu tatu tu, moja mbele katikati na mikono miwili nyuma, ili chesi ikijipinda kwenye mashimo isipasue injini. Hawakuwaza starehe ya abiria hata kidogo.

#31 Kitukuu_cha_Msagaji
Na kwa barabara zile nani angetofautisha mtetemo wa injini na wa mawe? Matairi ya mpira mgumu, barabara ya mikokoteni ya farasi. Michelin walikimbiza gari yenye matairi ya upepo Paris hadi Bordeaux 1895, watu wakawa wanawacheka kwa pancha. Mpaka barabara ziwe laini ndipo mtu anaanza kusikia injini.

#32 ChumaChakavu
Matairi nayo ni mpira. Naongeza pointi.

#33 Nyamizi_wa_Tabora
Hahaha. Sasa naelewa kwa nini gari za umeme zilipendwa Marekani enzi hizo. Clara, mke wa Henry Ford, alikuwa anaendesha Detroit Electric. Mume anauzia dunia Model T, mke kapanda ya umeme.

#34 Bila_Breki
Mama kakataa bidhaa ya nyumbani 😂😂

#35 Jirani_wa_Bujumbura
Hakukataa kwa mtetemo peke yake. Ya mafuta ilibidi uizungushe hendeli, ikikurudishia inavunja mkono. Startaa ya umeme ililetwa na Cadillac kwenye gari za 1912. Tusiupe mtetemo sifa zote.

#36 MzeeWaMikanda
Umetaja Cadillac, naomba niongeze, maana V8, silinda nane zilizopangwa umbo la V, imesahauliwa. 1914 walileta V8, watu wakadhani silinda nane ndiyo mwisho wa mtetemo. Krenkshafti yake ilikuwa bapa, kama ya silinda nne mbili zilizounganishwa, kwa hiyo ule mtetemo wa pili wa Mhandisi ulibaki, ila sasa unakwenda kushoto na kulia. Mpaka 1923, kwenye V-63, ndipo wakaja na krenkshafti iliyopangwa msalaba, kila mkono nyuzi 90 kutoka kwa mwenzake, na uzito wa kusawazisha. Peerless nao wakawa na yao wakati huohuo. Silinda nane zilezile, mpangilio mwingine, gari nyingine. Kwa hiyo si idadi ya silinda wala si mpira. Ni krenkshafti. Hudson waliliona mapema, Super Six ya 1916 ilikuja na krenkshafti yenye uzito wa kusawazisha.

#37 Mswahili_wa_Likoni
Mbona hamjasema Gobron-Brillié wa Ufaransa? Pistoni mbili ndani ya silinda MOJA, zinakutana katikati, mlipuko unazitupa huku na huku. 1904 dereva wao Rigolly akaendesha moja kule Ostend, Ubelgiji, zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Mwaka 1904 hiyo! Boksa iliyogeuzwa ndani nje.

#38 Mhandisi_Mkimya
Nzuri sana hiyo. Na haikuenea, kwa sababu zile fimbo ndefu za kurudisha pistoni ya juu chini kwenye krenkshafti zenyewe ni mzigo.

#39 Kipanga_Mweusi
Mhandisi, swali. Citroën hao hao walionunua mpira wa Chrysler, 2CV yao ya 1948 waliweka silinda mbili zinazotazamana, 375 cc. Kama mpira ulitosha si wangeweka silinda mbili za mstari, za bei rahisi, wakaikalisha juu ya mpira?

#40 Mswahili_wa_Likoni
Boksa oyee!

#41 Bila_Breki
Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo. Kagari kangu ka silinda tatu, nikiwa kwenye foleni nimeweka D na nimekanyaga breki, dashibodi yote inatetema. Nikiweka N inapungua. Fundi anataka abadilishe mipira yote ya injini. Nimpe hela?

#42 FundiMstaafu
Usimpe bado. Silinda tatu ina mtikiso wake wa kuzaliwa nao, mbele inanyanyuka nyuma inashuka, kwa hiyo kidogo ni kawaida. Fungua boneti, mtu mwingine akae ndani akanyage breki barabara, aweke D kisha R, wewe simama pembeni, sio mbele. Injini ikiruka sana ikigonga, angalia ule mpira wa juu upande wa mkanda, mara nyingi umepasuka au umevuja mafuta. Ila kabla ya kununua spea, toa plagi uziangalie, na ujaribu koili. Silinda moja ikiwa inamisi kati ya tatu, utabadilisha mipira yote na bado itatetema. Na angalia sailensi, yaani mwendo wa injini usipokanyaga mafuta, ikiwa chini sana injini yoyote inatetema.

#43 ChumaChakavu
Akishamaliza plagi na koili, mwisho wa siku atanunua nini? Sema mzee, tunakusikiliza.

#44 FundiMstaafu
Toa plagi kwanza.